Kamba na Matambara

Neno: Yeremia 38:6-13



Sisi wa Watamu tunaishi juu ya mwamba wa matumbawe. Aliyewahi kuchimba kisima hapa anajua jiwe letu lina meno. Sasa, wako watu wanaopenda kuingia mapango yanayoshuka wima kama kisima. Huko hushuki kwa miguu, unashuka kwa kamba, na marafiki. Kabla ya kushuka, mwenzako anakukagulia mafundo. Kamba hufungwa mahali pawili, ili pamoja pakiachia, pa pili pashike.

Kamba nzuri haiogopi uzito wa mtu. Inachoogopa ni ukingo wa jiwe. Ikisuguana pale, jiwe linaila polepole mpaka ikatike. Kwa hiyo wenye kujua hutandika kitu ukingoni: gunia, au kipande cha turubai. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachomrudisha mtu nyumbani.

Njoo kwa Yeremia. Wakuu walimshusha shimoni kwa kamba. Maji hayakuwamo, matope tu, akazama. Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika mwenzetu, akaenda kumtetea kwa mfalme Sedekia, akapewa watu 30. Watu anao, kamba anazo. Mimi na wewe tungekimbia moja kwa moja shimoni. Yeye alipitia kwanza nyumbani kwa mfalme, chini ya hazina, akaokota matambara na nguo kuukuu. Akamteremshia nabii, akamwambia azitie kwapani, chini ya kamba. Ndipo wakavuta.

Sikia hapo! Yeremia alishushwa kwa kamba, akapandishwa kwa kamba. Tofauti ilikuwa matambara.

Kanisa, kamba tunazo. Tuna mikesha, tuna mifungo, tuna wazee wa kuonya. Matambara yako wapi? Ndugu ameanguka kwenye madawa, au kamari ya simu imekula ada ya watoto. Tunamvuta, ndiyo, kwa kulitaja jina lake kwenye maikrofoni, eti tumwombee. Binti amepata mimba, tunamketisha kiti cha nyuma, halafu tunashangaa Jumapili ya tatu haonekani. Kamba imekatikia ukingoni. Uzito wa dhambi yake damu ya Yesu inaubeba wote. Iliyokata ni meno yetu.

Sisemi dhambi isikemewe. Ebedmeleki hakumwonea Yeremia huruma akamwacha matopeni. Alivuta! Lakini Wagalatia 6:1 inamtaka anayemrejesha aliyeanguka awe mpole, naye ajiangalie mwenyewe.

Huruma ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu katika pango la Panga ya Saidi, hapa hapa Kilifi. Wao wanahesabu miaka 78,000. Leo tusibishane juu ya hesabu. Waliona dalili kwamba mwili ulifungwa vizuri, na kichwa kikawekewa kitu kama mto. Ikiwa aliyekufa alitandikiwa pangoni, aliye hai shimoni tumnyime tambara?

Tena angalia, Ebedmeleki hakuchukua dhahabu ya hazina. Alichukua vilivyochakaa, na hakuna nyumba isiyokuwa navyo. Tambara lako ni kumtembelea mtu jioni bila kumhubiria. Ni kwenda kukaa naye kile kiti cha nyuma. Ni kuifunga siri yake kinywani mwako, hata mama mchungaji asipojua.

Wiki hii mtaje mmoja mbele za Mungu, chumbani, mlango umefungwa. Kisha ondoka, nenda kwake. Beba kamba. Na kabla hujavuta, mtandikie.

Amina.