Tuzo ya Mwalimu

Ada za shule za serikali zilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022, hilo twalishukuru. Lililobaki ni gumu: mwalimu bora atuzwe kwa kipimo gani? Wengi hutaja mtihani. Sisi twasita. Hapa Bagamoyo jahazi hushangiliwa siku ya kushushwa majini, lakini fundi aliyeulaza mkuku (naye huenda amekwisha kwenda zake) ndiye aliyeamua kama litavuka bahari. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemfundisha mtoto wa mvuvi kusoma, hatajwi matokeo yatokapo. Hutajwa wa darasa la saba. Fedha ni ya umma. Tuzo isiyomfikia yule wa kwanza twaiona ni dhuluma, japo hutolewa kwa ngoma na vigelegele.