Mpira wa Mgombea Udiwani



Takrima katika lugha yetu ni neno tukufu. Mgeni akibisha hodi hukirimiwa kwa kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba, wala hatozwi kitu aondokapo. Neno hili lilifikaje mahakamani? Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa desturi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo, kwani ilimpendelea mwenye fedha na kuivisha rushwa kanzu ya ukarimu.

Sheria yamaliza kesi, haimalizi swali la moyo. Twende Shinyanga na Geita, huko bara kwenye almasi na dhahabu, ambako huenda nawe una ndugu mwenye duka. Madiwani huchaguliwa kila miaka 5, siku moja na rais na wabunge. Ufikapo msimu huo, mgombea akiulizwa ana mpango gani wa michezo na utamaduni, jawabu jepesi ni mpira na jezi kwa vijana, na ngoma ya kumsindikiza jukwaani. Vijana hushangilia. Je, walichopokea ni hadiya au ni bei ya kura?

Utanijibu kwamba mpira ni kitu kidogo, na mtoto asiye na mpira hana haja ya mabishano yetu. Siidharau hoja hiyo. Lakini tazama diwani huyo atakwenda kukaa katika kikao gani. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, kampuni ya mgodi yapaswa kila mwaka kutengeneza mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri, na sheria yenyewe yautaja utamaduni. Hapo ndipo kata yaweza kupata kiwanja kilichopimwa, chenye hati. Fungu hilo si mali ya diwani, ni haki ya wale watoto. Mwenye kuwapa mpira kisha akanyamaza kikaoni amewapa kijisehemu cha kilicho chao, naye angojea shukrani.

Halmashauri ya mji wa Geita ilikuwa na timu yake, Geita Gold, iliyodhaminiwa na mgodi wa dhahabu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mji ulifurahi, na ilikuwa haki yake kufurahi. Mwaka 2024 timu ikashuka. Shinyanga nao wayajua hayo: Stand United, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ilicheza Ligi Kuu tangu 2014 hata 2019, Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, tangu 2015 hata 2021. Timu iliyoshuka yaweza kupanda tena. Kiwanja cha kata kikishakatwa viwanja vya nyumba, hakirudi.

Ama utamaduni, Wasukuma hawana haja ya kufundishwa na mgombea. Vyama vyao vya ngoma, Wagika na Wagalu, vimeshindana kwa vizazi. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi. (Husemwa kwamba wakuu wa ngoma hutumia dawa za kuvutia watu, hilo tuliache.) Mtazamaji huchagua kwa miguu yake mwenyewe: ngoma ikimchosha, huvuka upande wa pili, wala hakuna wa kumlaumu. Kundi hilo hilo likikodiwa kumchezea mgombea, hakuna upande wa pili wa kuvukia.

Basi mgombea akija mtaani kwako, hata kama wewe uko Tanga au Unguja, muulize kiwanja cha watoto kiko wapi, na hati yake iko kwa nani. Muulize pia nafsini mwako: lau asingegombea, mpira huu ungekuja? Najua ni vigumu kumwambia mtoto wa miaka 10 arudishe mpira mpya. Kwa hiyo asiambiwe mtoto. Aambiwe mgombea, kabla hajaufungua mfuko.