Deni la Mti

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mgeni husimamishwa na mlango kabla hajakaribishwa na mwenye nyumba. Hutazama nakshi, hugusa misumari ya shaba, huuliza jina la fundi na umri wa jengo. Ni nadra kumpata aulizaye mti wenyewe uliota wapi. Na lau angeuliza, huenda jibu lingemshangaza. Milango mingi ya kale ni ya msaji, na msaji huo ulikulia katika misitu ya Bara Hindi na Burma, ukavushwa bahari kwa upepo wa kaskazi. Fahari ya kisiwa imechongwa katika mti wa watu wengine.

Si jambo la kuonea haya, kwani bahari ilipeleka kama ilivyoleta. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Miji ya Ghuba, isiyo na misitu, iliezeka nyumba zake kwa boriti hizo. Ndiyo maana vyumba vya kale vya huko, kama vya Lamu na Unguja, ni virefu na vyembamba: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mti uliokatwa Rufiji ndio ulioamua mtu alale vipi ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo linapozuka swali. Anunuaye mti hununua nini hasa?

Anunuaye mkeka humlipa msusi siku zake za kusuka. Anunuaye samaki humlipa mvuvi usiku wake wa baharini. Lakini auzaye gogo la mti wa mwituni hakuliotesha. Mpingo huchukua miaka sabini au zaidi hata ufae kuvunwa. Aukataye leo aliukuta umesimama, na pengine babu yake naye aliukuta hivyo hivyo. Bei yake hulipa shoka, gari, ushuru na meli. Miaka ile haimo katika hesabu. Kwa hiyo kinachouzwa ni wakati zaidi ya jasho, na wenye wakati huo ama wamekwisha kufa, ama hawajazaliwa. Wote wawili hawapo sokoni kupatana bei.

Mpingo ni mti wa taifa wa Tanzania, mzito hata huzama majini. Wachongaji wa Kimakonde huufanyia vinyago, na tangu karne ya 19 mafundi wa Ulaya wameuchagua kwa zumari zao ziitwazo klarineti na oboe. Sauti inayowaliza watu katika kumbi za Paris na Vienna hutoka katika mti uliostahimili moto wa nyika za Kilwa na Lindi. Uzuri huo ni wa kweli. Lakini je, uzuri wa kitu hulipa deni la kilichokizaa?

Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, na misitu ya kusini ikawa karibu na bandari. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa, kwa mwaka 2005, forodha ya China iliandika kupokea mazao ya miti kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya yale ambayo Tanzania iliandika kuyatoa. Hazina ya nchi ilipunjwa mapato yake. Wasiozaliwa walipunjwa msitu wenyewe.

Atatokea wa kupinga, naye ana haki ya kusikilizwa. Ni rahisi kwa mwenye mlango wa msaji kumwambia mkulima wa Kilwa auache mpingo wake usimame. Mkulima ana karo ya mtoto, ana mgonjwa ndani. Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, mikoko ilipata pumziko, lakini mkata boriti wa Lamu alipoteza soko. Kumhifadhi mti kwa kumfukarisha jirani yake si uadilifu, ni kuhamisha deni kutoka bega moja hadi jingine.

Na sheria za dunia nazo zina kigugumizi. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya mpingo imewekwa chini ya mkataba wa CITES, hata biashara yake nje ya mipaka ikahitaji kibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa sharti hilo. Kwa mwanamuziki msafiri ni nafuu ya haki. Hata hivyo kuna funzo ndani yake: gogo huulizwa litokako, klarineti haiulizwi. Kitu kikishapendeza, asili yake husamehewa kutajwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hili atalipwa nani, iwapo mwenye mali hajazaliwa? Baadhi ya vijiji vya Kilwa, kikiwamo Kikole, vimejaribu kujibu. Vikitumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vilijitengea misitu yao, vikahesabu miti, vikakubaliana ikatwe michache na mingine iachwe; na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC cha uvunaji mwema. Fedha hubaki kijijini, na msitu hubaki umesimama. Aliye hai hapati yote, na ajaye hakosi yote. Huo ndio mgawo wa haki ulio karibu zaidi na ukweli wa mti.

Unguja nayo haiwezi kujiona mtazamaji. Nyumba za Mji Mkongwe zinachakaa, boriti zinaoza darini, milango inadai mbao mpya. Myanmar ilizuia magogo yake kuuzwa nje mwaka 2014, na mikoko ya karibu imepungua. Kila ukarabati ni ununuzi, na kila ununuzi ni swali lile lile. Mwenye nyumba atakayeuliza bei ya ubao ameuliza nusu. Nusu ya pili ni kuuliza umekatwa wapi, kwa idhini ya nani, na pale ulipokatwa panaota nini.