Hofu ya Mwili

Tarehe 6 Julai 1527 Martin Luther alishikwa na mvumo sikioni, akazimia, akadhani saa yake imefika. Hakufa, aliishi hata mwaka 1546. Mwezi wa Agosti tauni iliingia Wittenberg, naye, ijapokuwa alikuwa dhaifu na mwenye huzuni nyingi, alibaki mjini kuwatunza wagonjwa.

Nasi tukiusikiliza moyo kila saa, hofu yenyewe huuendesha mbio, na mbio hiyo twaihesabu kuwa ugonjwa mpya. Basi tumwendee daktari, tulipokee jibu lake, tusirudi kila siku kuuliza lile lile. Kisha tuinuke, tumwendee jirani alalaye mgonjwa. Bwana ndiye azishikaye siku zetu. Hazirefushwi kwa kujipapasa.