Kuipima Sauti na Kumhukumu Mwenye Sauti

Ndugu Wakristo, katika kila mtaa yuko mtu ambaye sauti yake imeharibika. Hukohoa kabla ya kusema, na akisoma somo, maneno ya mwisho wa mstari hayafiki viti vya nyuma. Sisi tunaomsikiliza tunayo hukumu tayari: huyu ni mlevi, huyu ana hofu, huyu amefungwa kauli na jirani yake. Hapa Sumbawanga, mji ambao hata jina lake watu hulieleza kuwa ni kuutupa uchawi, hukumu hii ya mwisho haikawii. Je, tunayo haki ya kumpima mtu kwa sauti yake?

Tazameni wafanyavyo wataalamu wa tiba ya usemi. Kwanza humwacha mtu aeleze habari zake, nao hutazama pumzi inaingiaje: kama mabega ndiyo yanayopanda, au kama tumbo na mbavu za chini ndizo zinazotanuka. Kisha humwomba avute pumzi na kusema “aaa” mpaka pumzi imwishie, huku wakitazama saa. Hurudia mara tatu na kuandika iliyodumu zaidi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha sekunde 15 au kupita. Asiyefika 10 ana jambo la kuchunguzwa. Halafu humwambia aseme “sss” kwa pumzi moja, kisha “zzz”. Ya kwanza hutumia pumzi tu, bali ya pili hutaka pumzi pamoja na nyuzi za sauti zinazotetemeka. Kwa mwenye afya muda wa hizo mbili hukaribiana. Akidumu sekunde 18 katika “sss” na 9 tu katika “zzz”, pumzi yake inatosha, na shaka huelekea kwenye nyuzi, ambazo sharti daktari azitazame kwa kioo au kwa chombo chenye taa. Jaribuni nyumbani, watoto watafurahi.

Ninachokistahi ni kwamba katika daftari lao hakuna mahali pa kuandika tabia. Pana pumzi, pana ukwaruzo, pana udhaifu wa sauti, basi. Naam, huuliza kama mtu anavuta sigara au anapaza sauti kazini, lakini ni ili wajue sababu, si ili wapate la kumlaumu. Walimu ni wengi miongoni mwa wagonjwa hawa, wala si ajabu: darasa la watoto 80 au 100, vumbi la chaki, na upepo mkavu wa Ufipa wakati wa kiangazi. Chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo na kupanga ubao. Namna ya kuvuta pumzi ya kusemea hatukufundishwa. Tena iko karatasi ya maswali 30, iliyotungwa Marekani mwaka 1997, ambayo mgonjwa huijaza mwenyewe, aseme sauti yake inamzuia nini maishani.

Atakuwako wa kuniuliza, “Na Zakaria je? Hakupigwa bubu kwa kutoamini?” Ndivyo Luka aelezavyo, wala sitaki kuyapunguza Maandiko. Lakini Zakaria aliambiwa sababu na malaika. Sisi malaika hakutuambia habari za jirani yetu. Na hata katika adhabu ile hakunyimwa neno lake. Ndugu walipotaka kumpa mtoto jina jingine, Zakaria alipewa kibao akaandika, na alichoandika ndicho kilichofuatwa. Musa naye, mwenye ulimi mzito, alitumwa vivyo hivyo, akapewa ndugu yake wa kumsemea. Yule tuliyemwondoa katika zamu ya kusoma tumempa kibao gani?

Hukumu ya haraka ina gharama nyingine. Aliyeambiwa kwamba amefungwa kauli huenda kwa mganga, na miezi hupita. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu hapana budi itazamwe hospitali. Mara nyingi ni mafua yaliyochelewa kuisha, au nyuzi zilizochoka, au kijivimbe kisicho na hatari. Mara chache ni saratani ya koo, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno. Kwetu safari huanzia hospitali ya mkoa, na huenda ikafika Mbeya, kwa njia ya Laela na Tunduma. Nauli ya mtu mmoja na wa kumsindikiza, mtaa waweza kuichanga kwa Jumapili moja.