Aliye Juu, Tusimngoje Chini

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya kiburi cha watawala. Neno hili si geni kwenu. Mara nyingi mtu akimwona mkubwa anajivuna husema, "Aliye juu mngoje chini," kisha huendelea na kazi yake, moyo wake umetulia. Mithali hiyo ni ya kweli, maana Maandiko nayo yashuhudia ya kuwa Mungu huwashusha wenye kujikweza. Lakini twauliza: Je, yampasa Mkristo kungoja tu? Na mkubwa huyo akianguka, humwangukia nani?

Kwanza tutazame kiburi cha mtawala ni kitu gani. Si kukaa katika kiti kizuri, wala si kuamkiwa kwa adabu. Mtume Paulo atufundisha kumpa heshima astahiliye heshima. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 17, Mungu aliweka amri juu ya mfalme hata kabla Waisraeli hawajawa na mfalme. Asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Tena ajiandikie nakala ya torati, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Liangalieni sana neno hilo, ndugu zake. Mfalme ana raia, lakini mbele ya Mungu raia wale ni ndugu. Basi kiburi cha mtawala ni kusahau mambo mawili: ya kwamba juu yake iko sheria asiyoitunga yeye, na ya kwamba walio chini yake ni ndugu. Akiyasahau hayo, watu huwa kama mali yake, na nchi huwa kama shamba lake.

Hatuna haja ya kwenda hata Babeli tupate kuyaona mambo hayo. Wazee wetu Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mfalme. Mvua ikinyesha, chakula kikiwapo, watu wakikaa kwa amani, walisema mfalme anaiponya nchi, yaani kuzifya shi. Njaa na vita vikiingia, walisema anaiharibu nchi, yaani kubana shi. Masimulizi yasema Mbegha, aliye asili ya ufalme wa Wakilindi, alikuja kutoka Ngulu, naye ni mwindaji. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampenda, wakamfanya mkubwa wao. Kwa hiyo ukubwa wa Wakilindi ulianza kwa mkono wa kugawa.

Katika siku za Kimweri ya Nyumbai ufalme ulienea toka milimani hata karibu na pwani. Mmisionari Krapf alifika kwake Vuga mwaka 1848, akafika tena mwaka 1852. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa wakubwa katika nchi zake. Alipokufa, mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu akakaa Vuga mahali pake. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Kwa biashara ile alipata mali na bunduki, akaona hana haja tena ya kumwinamia mtoto wa nduguye. Vita vikatokea, Shekulwavu akafukuzwa, na mji wa Vuga ukachomwa moto. Naye Semboja alipokwisha kushinda hakukaa Vuga. Alimweka huko mwanawe Kimweri Maguvu, aliyekuwa mdogo bado, yeye mwenyewe akabaki Mazinde penye biashara. Kiti kile walichokipigania hakikuwa tena kiti cha kuiponya nchi.

Hatusemi ya kuwa kiburi peke yake ndicho kilicholeta mambo hayo. Biashara ya watumwa na bunduki za kigeni zilikuwa na nguvu nyingi. Lakini bunduki ni chombo tu, moyo ndio uamuao. Katika siku zile watoto wa raia walikamatwa, wakateremshwa pwani, wakauzwa. Watu wa Bonde, waliomo chini ya milima yetu hii ya mashariki, walichoka na kuonewa, wakaondoka juu ya Wakilindi, wakawaua wengine na kuwafukuza wengine. Na vita vile vyaitwa Kiva.

Sasa twauliza tena: Mkubwa alipojiinua, gharama ililipwa na nani? Semboja aliishi miaka mingi baada ya hayo, mwenye mali na mwenye kuogopwa. Waliolipa ni mama aliyeamka asubuhi asimwone mtoto wake, na mkulima aliyekimbia na kuacha mahindi shambani. Hao wote walikuwa chini wakingoja, nao wakauzwa kabla aliye juu hajashuka. Ndiyo sababu twasema mithali ile haitoshi. Mti mkubwa ukianguka hauanguki peke yake. Huvunja na migomba iliyo chini yake.

Habari hiyo yafanana sana na ile ya Rehoboamu, katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 12. Watu walimwendea wakimwomba awapunguzie mzigo aliowatwika Sulemani, babaye. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu hao na kuwajibu maneno mema. Yeye akaliacha shauri la wazee, akalifuata la vijana waliokua pamoja naye, akawatisha watu kwa maneno makali. Kabila kumi zikamwacha, kama watu wa Bonde walivyoiacha Vuga. Lakini angalieni, ndugu: vijana wale ndio waliompa maneno ya kusema. Kiburi cha mtawala hakikui peke yake. Kina watu wa kukilisha. Hata Herode, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 12, hakuanza yeye kujiita mungu; watu ndio waliopaza sauti kumsifu hivyo, naye hakuikataa sifa ile, hata malaika wa Bwana akampiga. Tukimsifu mkubwa kwa sifa zisizo zake, tunamtengenezea njia ya kuanguka, kisha twasimama kando na kusema, "Mngoje chini."

Danieli hakufanya hivyo. Nebukadreza alipoota ndoto ya mti mkubwa utakaokatwa, Danieli alifadhaika, akatamani ndoto ile iwe ya adui za mfalme. Hakufurahi ya kuwa mwenye kiburi ataanguka. Lakini hakumficha kweli. Alimwambia waziwazi maana ya ndoto, akamsihi aache dhambi zake na kuwahurumia maskini. Kisha ikapita miezi 12. Mungu hakuiharakisha hukumu yake. Miezi ile ilikuwa mlango wa toba, naye aliyeufungua ni mtumishi mmoja aliyekubali kunena. Wenye kungoja chini waliweza kuihesabu miezi ile wakitazamia anguko. Danieli alitaka mfalme apone.

Utawala wa Wakilindi ulikoma Tanganyika ilipouondoa utawala wa watemi kwa sheria, mwaka 1963. Lakini kiburi hakiondolewi kwa sheria, nacho chaweza kukaa katika kila namna ya kiti. Majirani zetu wa Uganda walikiona katika siku za Idi Amin, aliyetwaa nchi kwa nguvu za askari mwaka 1971, na mwaka 1976 akafanywa rais wa maisha. Watu wengi waliuawa. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, pamoja na Askofu Mkuu wao Janani Luwum, walimwandikia barua kumlalamikia maovu hayo. Siku chache baadaye, tarehe 16 ya mwezi ule, Luwum akauawa. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaingia nchi ya Kagera, na watu wetu wakapatwa na msiba; mwezi wa Aprili 1979 akapinduliwa, akakimbia. Je, barua ile ilikuwa bure? Kwa macho ya wanadamu haikumgeuza Amin. Lakini ilishuhudia mbele ya watu wote ya kuwa raia wa Uganda ni ndugu, si mali, na ya kuwa Kanisa halikungoja kimya.

Labda mmoja wenu atasema, "Mamlaka yatoka kwa Mungu, sisi ni nani tuwaonye wakubwa?" Ni kweli, mamlaka yatoka kwa Mungu. Kwa sababu hiyohiyo mwenye mamlaka ni mtu aliyekabidhiwa, naye atatoa hesabu. Nathani alimwonya Daudi, wala hakukitukana kiti chake. Alimwendea uso kwa uso, hakwenda kumsengenya sokoni. Heshima na kweli zaweza kukaa katika kinywa kimoja. Kumnyamazia mkubwa anapoharibika si kumheshimu, bali ni kumwacha apotee.

Lakini, walimu na wazee, tusiwanenee wafalme na marais tu. Sisi nasi tuna viti, ingawa ni vidogo. Mwaka mmoja, baada ya sikukuu ya mavuno, watu walikuwa wameleta iliki, ndizi, mahindi na kuku. Katika baraza la wazee, mzee mmoja akasimama akatuuliza kwa upole, "Mchungaji, zile fedha za iliki zimeandikwa wapi?" Tulikasirika. Tukamjibu, "Je, baba, umetuona kuwa wezi?" Mzee yule akaketi, na wengine wote wakanyamaza. Fedha zilikuwapo zote, hata senti moja haikupotea. Lakini hazikuwa zimeandikwa. Usiku ule hatukupata usingizi, maana tulifahamu ya kuwa tumewaibia wazee kitu kikubwa kuliko fedha: tumewaibia ujasiri wa kuuliza. Na kweli, miezi mingi ikapita, wala hakuna aliyetuuliza neno. Tulikuwa tumejifanyia Vuga yetu ndogo. Mwisho tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba radhi, na Jumapili iliyofuata daftari likasomwa mbele ya usharika wote. Hata leo mzee yule hutuuliza maswali, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Basi kila aliye na kiti, kiwe cha nchi, cha kijiji, cha usharika au cha nyumba, na ajiulize: Je, yuko mtu awezaye kuniambia kwamba nimekosa, naye arudi kwake kwa amani? Kama hayuko, ajue ya kuwa moyo wake umekwisha kuinuka juu ya ndugu zake. Na kila aliye chini ya kiti na ajiulize: Je, nampenda mkubwa wangu kiasi cha kumwambia kweli, au nangoja tu kumwona akianguka?

Bwana wetu Yesu Kristo alikuwa juu ya wote, wala hakungoja kushushwa. Alijishusha mwenyewe, akatwaa kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu, akawaambia ya kuwa aliye mkubwa kwao na awe mtumishi wao. Yeye na atupe watawala wenye kukumbuka ndugu zao, na atupe sisi vinywa vya kusema kweli kwa upendo na masikio ya kuisikia. Amin.