Kengele Ikilia, Mtoto Ni wa Nani?

Huko Kamatanda, katika mji wa Likasi, shule hufunga mlango mapema. Watoto wa zamu ya asubuhi hutoka mchana, kwani wenzao wa zamu ya pili wangoja nje, na madawati ni yale yale. Hapo njia hugawanyika. Moja yaenda nyumbani. Nyingine yaenda machimboni, kwenye mawe ya shaba na kobalti. Mtoto afikaye huko huokota mawe, huyaponda, huyabeba na kuyaosha, mpaka jua lishuke. Jioni hurudi na fedha kidogo ya unga. Kitabu hakikufunguliwa.

Basi swali ni hili: saa zile zifuatazo kengele ni za nani? Ni za mtoto? Ni za mzazi? Au ni za yeyote awezaye kuzichukua?

Wako wasemao: “Mwalimu amekwisha kazi yake, yaliyobaki ni ya mzazi.” Neno hilo lina kweli ndani yake. Amri ya nne yamwagiza mtoto awatii wazazi, wala kazi si aibu. Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili aliketi hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza; kisha akarudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii. Masomo na utii wa nyumbani havikugombana. Kuteka maji, kufagia ua, kupalilia kidogo: kazi hizo humkuza mtoto. Lakini gunia la mawe humpinda mgongo, na vumbi lake humwingia kifuani. Kazi ya namna hiyo haimkuzi, bali yamla. Kwa sababu hiyo sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kazi za kumdhuru.

Je, tuseme basi kwamba mzazi ni mwovu? Tusifanye haraka kuhukumu. Zamani kampuni kubwa ya migodi, Gécamines, ililipa mishahara na kuwasomesha watoto wa wafanyakazi wake. Kampuni ilipodhoofika, mishahara ilikoma kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Nyumba nyingi za Katanga zikaanza kuishi kwa koleo na gunia. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Lakini shule ya bure haipiki ugali. Mama amtumaye mwanawe machimboni mara nyingi amekwisha kulia kabla ya kumtuma.

Mzazi peke yake hawezi, na mwalimu peke yake hawezi. Wazee walisema: mkono mmoja haulei mwana. Neno hilo si pambo la mazungumzo tu, ni wajibu. Ikiwa mkono mmoja hautoshi, mikono mingine yadaiwa.

Padri Yohane Bosco aliliona jambo hili katika mji wa Turin, nchi ya Italia, mwaka 1841. Vijana waashi na vibarua walikuwa wakizurura bila mtu wa kuwafundisha. Hakungoja wapate nafasi mchana. Aliwakusanya siku za sikukuu, na baadaye akafungua masomo ya jioni, baada ya kazi zao. Wanawe Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911. Na huko Kolwezi, Masista wa Mchungaji Mwema walianza mwaka 2012 kuwashughulikia watoto wa machimboni. Hawakuwafundisha watoto tu. Waliwafundisha wazazi pia kilimo na ushonaji. Wenye busara watambue hapo: aliyetaka kumrudishia mtoto saa zake alianza pia kujaza chungu cha mama yake.

Tena hesabu ni rahisi. Saa moja kila siku, siku tano kwa juma, majuma 36: ndizo saa 180. Asubuhi ya shule ikiwa na saa tano, hizo ni asubuhi 36 zaidi kwa mwaka. Mtoto asemaye Kiswahili nyumbani na kukuta Kifaransa shuleni azihitaji sana. Nani atazitoa? Mmoja atatoa kivuli cha mwembe wake. Kijana wa sekondari atasikiliza kusoma kwa wadogo. Mwenye shamba atatoa mihogo, ili mtoto asisome kwa njaa. Mwalimu atasema ni somo gani lililowashinda. Kila mmoja akitoa kidogo, hakuna atakayefilisika.

Wakatekumeni wajiulize na kujibu hivi:

Swali: Nani ana hatia mtoto anapopotea katika mawe?
Jibu: Hatia hazilingani. Mzazi aliyekuwa na njia nyingine akaiacha, ana hatia. Anunuaye mawe kutoka mkono wa mtoto ana hatia kubwa zaidi, kwani njaa ya mwingine ni faida yake. Na jirani aliyeweza kutoa saa moja, akapita njia yake, naye ataulizwa.

Swali: Je, saa za mchana zote zijazwe masomo?
Jibu: Hapana. Mtoto ahitaji kucheza, kupumzika na kuwasaidia wazazi wake. Saa moja iliyotunzwa vema yatosha kuanza.

Swali: Sisi wa vijijini hatuna machimbo. Jambo hili latuhusu nini?
Jibu: Kengele hulia kijijini pia. Penye mbuzi wa kuchunga na shamba la kulinda, mtoto huweza kupotea vilevile.

Basi kesho kengele ikilia, mtu asiulize tu, “Mtoto huyu ni wa nani?” Ajiulize: “Leo nimempa nini?”